Jibu la Haraka la Prof Rosy

Rosaline Wamboi alikuwa fundi wa nguo katika soko la Kwanza, mji mdogo karibu na Kitale. Alishona sare za shule, nguo za kwaya na mapazia. Kazi yake ilikuwa safi na wateja walimpenda. Lakini mara nyingi cherehani yake ilisimama, kwa sababu Rosaline alikuwa kwenye simu.

Katika simu hiyo kulikuwa na kundi la Facebook lililoitwa Uliza Tukujibu. Wanachama wake walikuwa wa Kitale, Bungoma, Kachibora na kwingineko. Kila asubuhi msimamizi wa kundi, kijana mmoja wa Kitale aitwaye Ubaid, aliandika, "Haya, maswali!" Basi watu waliuliza chochote kilichowajia kichwani. Twiga ana mifupa mingapi shingoni? Pweza ana mioyo mingapi? Kwa nini kitunguu humtoa mtu machozi?

Rosaline alijibu karibu yote. Majibu mengine aliyajua tangu shuleni. Mengine alikuwa ameyasoma gazetini. Mengine alikisia tu. Hakutumia jina lake wala picha yake. Alijiita Prof Rosy, na mahali pa picha aliweka ua la waridi. Alipojibu, watu waliandika, "Prof ni moto!" au "Prof hashindwi." Rosaline aliyasoma maneno hayo akitabasamu peke yake.

"Mama Wahu," mumewe Zachary alimuuliza siku moja, "na kama hujui jibu?"

"Lazima niseme kitu, Baba Wahu," alijibu akicheka. "Nikinyamaza, mwingine atajibu kabla yangu."

Asubuhi moja, kati ya swali la twiga na swali la mlima mrefu kuliko yote, lilikuja swali hili:

"Mtoto akikunywa mafuta ya taa anapewa nini?"

Aliyeuliza aliitwa Nasambu. Rosaline alidhani ni swali la kupima akili, kama yale mengine. Alikumbuka jambo fulani ambalo jirani aliwahi kulisema. Hakuwa na hakika nalo. Lakini aliona kuwa mtu mwingine ameanza kuandika, naye hakutaka kushindwa. Akaandika haraka:

"Mpe maziwa mengi, halafu umtapishe. Mafuta yote yatatoka."

Watu wakaweka alama za dole gumba. Rosaline akaenda kwenye swali la mlima.

Kesho yake Ubaid hakuitisha maswali. Aliandika: "Ndugu zangu, mwenzetu Nasambu wa Tongaren ana shida. Mtoto wake mdogo alikunywa mafuta ya taa jana. Amelazwa hospitali Kitale na hali si nzuri. Tumwombee."

Rosaline alirudi kwenye maswali ya jana. Jibu lake lilikuwa pale pale, pamoja na dole gumba zake zote. Alitazama kulia na kushoto, kana kwamba watu wa sokoni wangeweza kuliona. Kisha akalifuta. Jibu likatoweka kabisa, kana kwamba halikuwahi kuandikwa.

Alijaribu kufanya kazi. Alishona mkono wa sare nje ndani. Akaufumua, akaushona vibaya tena. Zachary alipopita kutoka shambani alimkuta ameinamia kitambaa, machozi yanamtoka.

"Kuna nini?"

"Mtoto wa wenyewe ako hospitali kwa sababu yangu," alisema Rosaline. Akamweleza juu ya swali na juu ya jibu. Hakumweleza kwamba amelifuta. Aliona aibu kulisema hilo hata kwa mume wake.

"Enda umwone huyo mtoto," alisema Zachary. "Hapa leo hushoni kitu."

Siku hiyo hiyo, katika wodi ya watoto ya hospitali ya Kitale, Rosaline alionyeshwa kitanda. Mtoto wa kike alikuwa amelala, mpira mwembamba wa hewa umefungwa puani. Kifua chake kilipanda na kushuka haraka. Kando yake alikaa mama kijana aliyejifunga leso.

"Wewe ndiye Nasambu?" Rosaline aliuliza. "Mimi ni wa lile kundi. Nimekuja kukupa pole."

Nasambu alisimama, akamshika kwa mikono yote miwili. "Asante sana, mama. Watu wanaandika pole tu kwa simu. Ni wewe peke yako umekuja."

Rosaline alikaa kwenye benchi, na Nasambu akaanza kumweleza.

"Ni makosa yangu, mama. Niliweka mafuta kwa chupa ya soda, nikaiacha kando ya jiko. Huyu Khalayi akafikiria ni maji. Alikohoa kidogo tu. Nikaona niulize kwa kundi kwanza. Prof Rosy akajibu mara moja. Huyo hujua kila kitu. Nikampa maziwa, nikamwingiza kidole kooni. Akatapika sana. Hapo ndipo akaanza kupumua vibaya."

Wakati huo mume wa Nasambu, Levi Wakhungu, aliingia. Alikuwa bado amevaa gambuti, mabuti ya mpira ya shambani.

"Bado unasema hiyo mambo ya Prof?" alimuuliza mke wake kwa hasira. "Nimetafuta hiyo jibu kwa simu yako, juu mpaka chini. Haiko! Nimeonyesha hata mama yangu. Yeye anasema wewe unatafuta mtu wa kusingizia. Si useme tu ukweli, bana? Ulijiamulia mwenyewe!"

"Ilikuwa hapo, Levi. Niliisoma na macho yangu."

"Sasa imeenda wapi?"

Nasambu aliinamisha kichwa. "Sijui," alisema polepole. "Pengine nilichanganyikiwa."

Rosaline alichukua mkoba wake. Aliinuka. Mlango haukuwa mbali, na hakuna mtu pale aliyemjua. Angeweza kuaga na kwenda. Lakini muuguzi alikuwa amefika kitandani, amemzibia njia. Aliitwa Sista Suad. Alimpima mtoto, akasikiliza kifua chake, kisha akaandika kwenye karatasi ya kitanda.

"Sista," Nasambu aliuliza kwa sauti ndogo, "kama singemtapisha?"

Sista Suad alikaa ukingoni mwa kitanda. "Nitakwambia ukweli, mama, ili siku nyingine ujue na umwambie mwenzako. Mafuta ya taa yakiwa tumboni hudhuru. Lakini yakiingia kwenye mapafu hudhuru zaidi. Ukimtapisha mtoto, mafuta yanarudi juu, na mengine yanaingia kwenye mapafu. Ndiyo maana anapumua hivi."

"Na maziwa?" Levi aliuliza.

"Maziwa hayasaidii. Yanaweza kumfanya atapike. Usimpe maziwa, wala mafuta ya kupikia, wala maji ya chumvi. Mvue nguo zenye mafuta, mwoshe ngozi kwa sabuni na maji, halafu mkimbize hospitali hata kama anaonekana mzima. Beba na ile chupa, daktari ajue amekunywa nini. Na nyumbani, mafuta ya taa hayakai kwenye chupa ya soda. Yaweke kwenye chombo chake, juu, mahali mtoto hafiki."

"Mimi ndiye nilimdhuru, basi," alisema Nasambu, akafunika uso kwa leso.

Rosaline hakuweza kuvumilia tena.

"Si wewe," alisema. "Uliambiwa. Jibu lilikuwepo. Nililiandika mimi. Mimi ndiye Prof Rosy. Sikuwa najua, nilikisia tu. Na leo asubuhi, niliposikia mtoto amelazwa, nikalifuta."

Sista Suad alimtazama, kisha akamtazama mtoto.

"Wewe?" Levi alisema. "Mtu mzima hivi? Ukaona ni afadhali bibi yangu aitwe mwongo?"

"Ndiyo," alijibu Rosaline.

Levi alitoka nje. Aliporudi hakumtazama Rosaline. Alichuchumaa mbele ya mke wake. "Nilikuita mwongo mbele ya mama," alisema. "Nitamwambia mwenyewe."

Nasambu aliondoa leso usoni. "Nilikushika mikono," alimwambia Rosaline. "Nikakushukuru. Na wewe ukakaa tu, ukinisikiliza."

"Nisamehe."

"Sijui kama nitaweza. Mtoto apone kwanza. Lakini enda uandike huko. Uandike kwa jina lako."

Rosaline aliandika akiwa kwenye benchi la nje ya wodi. Aliondoa ua la waridi, akaweka picha yake. Akaandika jina lake lote. Alieleza kwamba jibu lake lilikuwa baya, kwamba Nasambu hakusema uongo, na kwamba yeye alilifuta jibu kwa kuogopa. Kabla ya kutuma, aliongeza maelezo ya Sista Suad juu ya mafuta ya taa, akampa ayasome. Sista alirekebisha maneno mawili matatu, akamrudishia.

Wengi walimtukana. Wengine waliandika, "Ati Prof!" Wateja kadhaa wa sokoni waliisoma habari hiyo, wakawa wananong'ona alipowapima nguo. Rosaline hakujibizana na mtu. Aliendelea kwenda hospitalini na chupa ya uji, akiiacha kwa muuguzi mlangoni, mpaka siku Khalayi aliporuhusiwa kurudi Tongaren akitembea kwa miguu yake.

Ubaid naye alisema kundi lina makosa. "Sote tuliweka dole gumba," aliandika. Wakakubaliana. Swali la twiga na pweza, kila mtu ajibu. Asiyejua aseme hajui. Lakini swali la ugonjwa, sumu au dawa lisikisiwe. Jibu lake liwe moja: nenda kituo cha afya sasa hivi.

Msimu wa kuvuna mahindi ulipofika, mtu wa Kachibora aitwaye Kipkosgei aliandika katikati ya maswali, "Saidieni! Mtoto amekunywa dawa ya kupe ya ng'ombe. Nimpe maziwa?"

Rosaline aliliona swali hilo akiwa kwenye cherehani. Alianza kuandika, lakini jibu la mtu mwingine lilitangulia.

"Usimpe kitu. Usimtapishe. Mvue hizo nguo, beba hiyo chupa, toka sasa hivi uende hospitali. Usingoje hapa kusoma majibu."

Aliyeandika alikuwa Nasambu.

Jioni Kipkosgei alirudi kundini. Aliandika kwamba daktari amemwona mtoto mapema, na sasa anaongea na mama yake. Watu walimshukuru Nasambu, mmoja baada ya mwingine. Rosaline alifuta machozi kwa kipande cha kitambaa. Kisha na yeye akaandika, kwa jina lake mwenyewe, "Asante, Nasambu."

Baada ya muda kidogo Nasambu akamjibu: "Khalayi anakusalimia."