Jalada Chini ya Birika

Ndugu wasomaji, nyumba yetu ilikuwa na amani hata majirani wakaitamani. Kila Jumamosi asubuhi mume wangu, karani wa mahakama, aliketi na vitabu vyake kwenye meza ya chakula, na watoto wakakatazwa hata kukohoa. Alikuwa akisomea shahada ya uzamili ya haki jinai. Mtaa mzima ulimwita Profesa. Alijifanya hataki, huku akicheka hadi jino la mwisho. Mimi nami nilishaanza kujiona mke wa mkubwa.

Jirani yetu alikuwa fundi cherehani. Mumewe, seremala, alikuwa na mwezi wa tano mahabusu, akituhumiwa kuiba mbao. Kila baada ya wiki mbili shoga yangu huyo alirudi kutoka mahakamani na maneno yale yale.

Jumamosi moja Profesa alikuwa ametoka kununua karatasi, nikamkaribisha jirani chai.

"Jalada halionekani, shoga. Wiki iliyopita waliahirisha tena, hadi Jumatatu hii. Na mama mkwe hali yake mbaya. Mlango ukifunguliwa tu anauliza, 'Ni yeye?'"

Nililia naye, Mungu ni shahidi yangu. Alipoondoka niliinua birika nifute meza. Chini yake palikuwa na jalada la kaki, limechorwa duara na maji ya moto. Nikasoma jina la mshtakiwa.

Mume wangu aliporudi nilimwonyesha. "Baba watoto, hili si la seremala?"

Kwanza alitazama mlango. "Punguza sauti. Nilikusudia kulichukua kwa siku mbili tu. Tasnifu yangu inahusu kesi zinazochelewa, na sijapata mfano mzuri kama huu."

"Inachelewa kwa sababu unalo wewe!"

"Ilishaahirishwa mara nne kabla sijaligusa. Nikilirudisha leo wataniuliza lilikuwa wapi. Acha nimalize sura ya nne, halafu nitalichomeka rafuni kimya kimya."

Ndani ya jalada mlikuwa na barua ya mwenye mbao. Alisema zimeonekana ghalani mwake mwenyewe, na hana tena kesi na mtu. Hakimu hakuwahi kuiona barua hiyo.

Hapa nisikilizeni vizuri. Kutoka mlangoni kwangu hadi kwa fundi ni hatua ishirini. Sikwenda. Niliwaza cheo, niliwaza joho la mahafali, nikarudisha birika mahali pake.

Jumatatu kesi ikaahirishwa. Alhamisi ya wiki iliyofuata mama mzee wa seremala alifariki, uso umeelekea mlangoni. Tulikwenda msibani sote wawili, na Profesa alishika koleo kaburini pamoja na wanaume wenzake.

Kesi ilipotajwa tena, jalada "lilionekana". Hakimu alisoma barua akamwachia seremala kabla ya chai ya saa nne. Alifika nyumbani akakuta kitanda cha mama yake kitupu.

Tasnifu ilisifiwa sana. Joho lilikuwa refu, tukampelekea fundi wetu. Alipiga magoti mbele ya mume wangu, pini mdomoni, akapima pindo. Alipozitoa akasema, "Hongera, shemeji. Watu kama wewe wangekuwa wengi pale mahakamani, mama angemwona mwanawe."

Mume wangu alitazama ukuta.

MAFUNZO

Kusoma ni kuzuri, simkatazi mtu. Lakini anayesomea haki aanze na ile iliyo mkononi mwake, na anayeona dhuluma mezani kwake asinyamaze kwa kutamani ukubwa. Majuto ni mjukuu, na wangu nimemlea miaka miwili sasa. Joho limo kabatini, na pindo la shoga yangu halijafumuka hata uzi mmoja. Kesho asubuhi nitazitembea zile hatua ishirini nimweleze yote. Sijui kama atanifungulia mlango.