Muhuri wa Fundi Wangu

Walijuana kwenye mapokezi ya hospitali, palipojaa hadi watu wanakanyagana. Mwanamume alikuwa fundi wa kuchonga mihuri, kidole gumba kinavuja damu. Mwanamke alikuwa nesi, gauni jeupe limenyooshwa pasi, aliyehamia kutoka nchi jirani enzi ambazo watu wa jumuiya ya nchi hizo walivuka mpaka bila kuulizwa.

"Mara ya tatu wiki hii, fundi. Unachonga mihuri au vidole?"

"Nachonga njia ya kukuona."

"Mwongo wewe! Lete mkono."

Mwaka ukapita kwa mapenzi na simu za mchana. Kisha wakubwa wakaamua nchi ijitoe kwenye jumuiya, wakaitisha kura. Walipanda majukwaani na suti zilizoshonwa ng'ambo, wakaapa kwamba wageni wakiondoka kila mtu atashiba, na watu wazima na akili zao wakapiga makofi. Fundi naye akapiga kura ya kutoka, kimyakimya, kwa sababu ofisi zote zingehitaji mihuri mipya. Akili yake iliishia hapo.

Kutoka kukashinda, na zabuni ya mihuri akaipata. Dawa zikakwama mpakani, sabuni ikapanda bei mara mbili, wakubwa wakasema ni hali ya mpito.

Asubuhi moja nesi alitoka uhamiaji moja kwa moja hadi kibandani kwa fundi, akafungua pasipoti mezani. MGENI: SIKU THELATHINI. Herufi G ilikuwa na kimkia ambacho fundi huyu peke yake huacha kwenye kazi zake.

"Hii kazi ya nani?"

"Mpenzi, mimi nilichonga tu. Sikujua utagongewa wewe."

"Ulidhani nani? Na kura ulipiga ipi?"

Fundi akainama, akapuliza vumbi la mpira wa muhuri.

"Basi nikuoe. Ukiwa mke wangu hakuna wa kukugusa."

"Unaniposa au unanigongea muhuri mwingine?"

Akaondoka na begi moja. Wodi ikabaki bila nesi, na wale wakubwa, wakiugua, walitibiwa ng'ambo kama kawaida yao.

Fundi alijikaza miezi miwili. Mchana mmoja akapiga simu.

"Uko wapi?" nesi akauliza.

"Mpakani kwenu. Niko foleni."

"Foleni gani?"

"Ya wageni. Tangu alfajiri haisogei. Nisamehe, nilikuwa mjinga."

"Mjinga sana. Wakikugongea, kata kushoto, nyumba ya bluu. Na habari za kunioa ili uniokoe uziache hukohuko."

"Nimeziacha, mpenzi. Nitakaa siku ngapi?"

"Hiyo nitaamua mimi."