Rosalia na Majani ya Kuwasha

Rosalia alifagia uwanja, akachota maji, kisha akashuka bondeni kutazama kunde zake. Alipofika alisimama, akashika kiuno. Majani yalikuwa yamejikunja. Chini ya kila jani vidukari walijazana, weusi, wadogo kama ufuta, wakinyonya utomvu. Sisimizi walipanda na kushuka kama watu wa zamu kiwandani.

"Jana tu nimewaosha kwa sabuni," alisema peke yake. "Hawa hawana hata haya."

Ulikuwa mwaka wa sabini na nne, mwaka wa kilimo cha kufa na kupona. Pale Kimara kila kaya katika kikundi chao ilikuwa na kipande chake bondeni. Balozi wa nyumba kumi, Ndugu Mwishehe, alikuwa amekwisha kutangaza: kipande kitakachokosa mazao mara mbili kitapewa mwingine. Kunde za Rosalia zilikufa msimu uliopita. Zikifa tena, kipande kimekwenda. Ukaguzi ulibakiza wiki tano.

Kilichomkera zaidi ni kwamba hakuna aliyelima kwa usafi kama yeye. Kipande chake kilikuwa cheupe kama sakafu. Jirani yake bondeni, Mwalimu Kokushubila, mama wa Kihaya aliyefundisha elimu ya watu wazima, aliacha mstari mzima wa majani ya kuwasha mpakani. Si upupu ule wa maganda. Haya yana vinywele kwenye jani na shina, ukiyagusa tu mkono unaumuka. Na bado kunde za Mwalimu zilikuwa za kijani, zimenenepa.

Rosalia alimlalamikia mumewe Kornelio. Kornelio alicheka, akasema pengine vidukari nao wanaogopa kuwashwa. Rosalia hakuona cha kuchekesha.

Jumamosi uvumilivu ulimwishia. Akaenda mpakani ayang'oe. Alishika shina la kwanza kwa mkono mtupu, akaruka. Moto ulipanda hadi kwenye kiwiko. Alipogeuka, Mwalimu alikuwa nyuma yake na ndoo ya maji.

"Umekuja kuniibia magugu, mama Fransis?"

"Nimekuja kuyatoa. Yanaleta wadudu."

"Yanaleta kweli. Osha mkono, halafu njoo uwaone."

Mwalimu alipindua jani kwa kijiti. Vidukari walikuwepo, lakini hawa walikuwa wa kijani. Katikati yao walitembea vijidudu vya mviringo, vyekundu, vyenye madoa meusi. Pembeni alikuwepo mwingine, mrefu, wa rangi ya majivu na madoa ya machungwa, kama mamba aliyefinywa akawa mdogo kuliko punje ya mchele. Rosalia alinyoosha kidole gumba amponde.

"Acha. Huyo amekukosea nini?"

"Mwalimu, hawa ndio wanaonimaliza. Nawaponda kila asubuhi. Nawakuta kwenye kunde zangu."

"Umewahi kumwona mmoja anakula jani?"

Rosalia alizikumbuka asubuhi zake zote za kuponda. Hakuwahi.

Wakachuchumaa, wakatazama. Yule mamba mdogo alimkamata kidukari, akamla. Akamkamata wa pili.

"Huyu ni mtoto wa hawa wekundu," alisema Mwalimu. "Vidukari wa majani haya hawana haja na kunde. Ila wanawalisha hawa. Wekundu wanakuja hapa, wanakula, wanazaa, kisha wanahamia kwenye kunde kuwala wale weusi. Vipepeo nao wanataga hapa, na ndege wanafuata. Kwako umefagia kila kitu. Wachache wanaofika, watoto wao unawaponda."

"Kumbe wiki zote hizi nawaua wanaonisaidia?"

"Kwa kidole chako mwenyewe."

"Na wewe unanitazama tu, Mwalimu?"

"Nilikwambia mwezi wa tatu. Ukanijibu niende nikafyeke kwangu kwanza."

Rosalia alikumbuka vizuri, na hasira yake ikakosa pa kwenda.

Siku ile walifunga mikono kwa vipande vya gunia, wakahamisha mashina manne na mizizi yake, pamoja na wadudu wake. Waliyapanda kwenye pembe ya nyuma ya kipande cha Rosalia, mbali na njia ya watoto, wakazungushia fito. Mwalimu alimwonya ayamwagilie, ayapunguze kabla mbegu hazijakomaa yasije yakatambaa kila mahali, na asinyunyize dawa ya mbu hata kidogo, maana dawa haichagui mdudu.

Majirani walimsema. Mke wa Kornelio sasa analima vichaka, walisema. Rosalia aliwashwa mara mbili zaidi, na kila mara alinung'unika hadi nyumbani. Lakini hakuponda tena mamba wadogo. Wiki ya tatu aliwahesabu kumi na wawili kwenye shina moja la kunde. Wiki ya nne majani mapya yalitoka yamenyooka.

Siku ya ukaguzi Ndugu Mwishehe alikwenda moja kwa moja kwenye pembe ya nyuma.

"Dada Rosalia, wewe ulikuwa mfano wetu wa usafi. Kichaka hiki kifyekwe leo."

Rosalia alimpa panga. "Fyeka wewe, Ndugu Balozi. Ila kwanza pindua jani la kunde."

Balozi alipindua moja, akapindua la pili. Akatembea mstari mzima ameinama. Maganda yalining'inia mawili mawili. Kidukari mmoja mmoja alionekana, na mdudu mwekundu karibu yake. Balozi akarudisha panga.

"Kipande kinabaki chako," alisema. "Na kichaka chako."

Nawe msomaji, kabla hujamponda mdudu shambani mwako, chuchumaa kwanza. Tazama anakula nini.