Migomba Iliyosongamana

Abdille na mkewe Idman wanaishi Garissa, kando ya Mto Tana. Zamani walikuwa wafugaji. Ukame ulipomaliza mifugo yao, walianza kulima ndizi.

Kila asubuhi Abdille alikagua migomba kama mtu anayekagua ngamia wake. Chipukizi jipya likitokea, alifurahi sana.

"Shamba letu linazaa!" alisema. Hakung'oa hata moja.

Lakini ndizi zilitoka nyembamba kama vidole vya mtoto. Wanunuzi walizitazama, wakaenda zao. Abdille akakata tamaa.

"Nitaenda Bute, kule kaskazini, kuchunga ngamia za watu," alimwambia mkewe. "Wewe utabaki na watoto."

Idman aliogopa. Bute ni mbali, na watoto bado wadogo. Akamwita jirani yao Hadiyo, mama aliyelima ndizi miaka mingi.

Hadiyo alitazama migomba, akacheka.

"Warya Abdille! Hii ni shamba ama boma ya mbuzi?"

"Eedo, mtoto mdogo hatolewi kwa mama yake," alijibu Abdille, akimwita shangazi kwa heshima. "Atakufa."

"Hiyo ni ndama. Hapa wote wananyonya mahali moja, na mama hana kitu ya kuwapa. Kila shina acha tatu tu: mama, mmoja mkubwa, mmoja mdogo. Ingine hamisha."

Hadiyo alichagua chipukizi lenye nguvu, lenye majani membamba. Yale yenye majani mapana ni dhaifu, kwa hiyo aliyang'oa na kuyatupa. Alichimba pembeni taratibu, akalitenga lile zuri na mama yake, likiwa na shina lake la chini na mizizi.

"Wallahi, siwezi kumtenga na mama yake," alisema Abdille zamu yake ilipofika.

"Kata! Ngoja mavuno, halafu enda Bute ukitaka."

Idman alichimba mashimo mapana, akachanganya udongo na samadi iliyooza. Walipanda, wakashindilia udongo, wakamwagilia maji.

Msimu uliofuata, mikungu ilijaa ndizi nene. Safari hii mnunuzi alikuja mwenyewe shambani, akachukua yote. Machipukizi yaliyohamishwa nayo yalikuwa yamesimama vizuri.

Jioni Idman alimkuta mumewe akichimba shimo jingine.

"Na Bute je?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Abdille hakuinua kichwa. "Nikienda, nani atahamisha hizi zingine? Leta samadi."

Idman akashusha pumzi ndefu. "Alhamdulillahi," alisema, na machozi ya furaha yakamtoka.