Moshi Mweusi wa Gari la Pandu

Asubuhi katika nyumba ile ya mtaa wa Bertrams, huku kusini kabisa mwa Afrika, huanza kwa foleni ya bafu. Familia tano, bafu moja, na kila mtu ana habari ya kumpa mwenzake angali na taulo kiunoni. Nusaiba, msichana wa miaka kumi na miwili, akitoka kuoga hupakwa mafuta ya nazi na mama yake, Mwatumu, kuanzia uso mpaka vidole vya miguu. Baridi ya Julai hukausha ngozi ya mtu ikawa ya kijivu, na Mwatumu, mzaliwa wa Tanga, halikubali hilo. "Mtoto wangu hatoki mbele za watu amepauka," husema, huku amelisogeza kopo karibu na jiko, maana usiku mafuta yote huganda yakawa meupe na magumu.

Lakini Jumamosi ile hakuna aliyeoga kwa raha. Uani kulikuwa kunawaka kwa ugomvi.

Jana yake, gari kuukuu alilonunua baba yake Nusaiba, Pandu, lilikataliwa kwenye kituo cha kukagua magari. Lilipokanyagwa mafuta lilitema moshi mweusi hadi mkaguzi akarudi nyuma akikohoa. Bila cheti cha ukaguzi, Pandu asingeweza kuliandikisha kwa jina lake.

Lawama zote zikamwangukia fundi, Damien, Mkongo wa Bukavu aliyeishi chumba cha nyuma na kutengenezea magari ya watu pale pale uani. Pandu ndiye aliyeaminiwa na mwenye nyumba kuusimamia ua huo, na sasa alikuwa amelibeba sanduku la vyombo vya Damien hadi getini.

"Umenifungia vyuma vya jalalani!" alifoka Pandu. "Saa sita mchana ikikukuta hapa na makorokoro yako, nayatupa barabarani!"

"Papa Nusaiba, sikiliza basi," alisema Damien. "Alhamisi nilifunga plagi mpya na kichujio kipya cha hewa mbele ya macho yako. Gari ilikuwa inapumua vizuri."

"Macho yangu yanaona ndani ya injini?"

Bi Biubwa, jirani mwenye habari za mtaa mzima, alikuwa anaanika nguo moja kwa nusu saa ili asipitwe na neno. "Mimi nilisema zamani," alidakia. "Mtu anakuchekea, kumbe anakuchuna."

"Mama Biubwa, juzi tu nilikutengenezea bomba lako!"

"Na linavuja!"

Damien akameza hasira, akafungua plagi moja. Ilikuwa nyeusi tii kama sufuria ya kuni. "Petroli ni nyingi, hewa ni kidogo," alijisemea. Akaikagua kabureta, akaipuliza, akairudisha. Akajaribu gari. Moshi ule ule. Mkono wake ulipita juu ya kifuniko cha duara chenye kichujio cha hewa, lakini haukusimama. Kile alikifunga mwenyewe, kipya kutoka kwenye boksi.

Nusaiba, aliyesimama mlangoni, alikikodolea macho kifuniko kile. Alhamisi jioni baba yake alimwambia aifute injini, ili mkaguzi akifungua boneti akute pasafi. Aliifuta kweli. Kisha akafyatua vishikizo vya kile kifuniko, na ndani akaona karatasi yenye mikunjo mingi, kavu, imepauka kama miguu isiyopakwa. Gari linakwenda mbele za watu! Akachukua kopo la mama yake, akaipaka karatasi mafuta ya nazi, mkunjo kwa mkunjo, mpaka ikang'aa. Jana, aliposikia habari za moshi, alishuku. Akanyamaza.

Orpha, binti wa Damien na rafiki yake wa darasani, alikuwa anaokota spana zilizomwagika getini. Nusaiba akainama kumsaidia.

"Usiguse," Orpha alisema bila kumtazama. "Baba yako anamwita baba yangu mwizi. Tukifukuzwa, atafanyia wapi kazi? Kwenye robot, magari yakisimama taa nyekundu?"

Nusaiba akasimama. "Baba, si yeye," alisema. Hakuna aliyesikia. Akapaza sauti mpaka ikapasuka: "Baba, si yeye! Ni mimi! Nilikipaka kichujio mafuta ya nazi!"

Damien alifungua kifuniko, akakitoa kichujio. Mafuta yalikuwa yameganda kwenye kila mkunjo, meupe kama mshumaa. Alikiinua juani, hakikupitisha hata chembe ya mwanga.

"Eish!" alisema. "Gari ilikuwa inakabwa koo."

Aliiwasha injini bila kile kichujio, kwa kujaribu tu. Likatoka wingu moja jeusi, halafu jepesi, halafu hakuna kitu. Pandu akamgeukia binti yake, mkono juu.

"Hapana, Papa Nusaiba," Damien alisimama katikati. "Ukimpiga kwa kusema, kesho hatasema tena."

Mkono ukashuka. Mwatumu akamkazia macho mumewe. "Umemtukana Damien mbele ya watu, Baba Nusaiba. Watu ndio hawa, bado wapo."

Pandu alikohoa, akaomba radhi kwa sauti ya kusikika, kisha akalibeba sanduku mwenyewe kulirudisha ndani. Bi Biubwa akatikisa kichwa. "Mimi nilijua tu Damien hawezi kumchuna mtu."

Jumatatu, likiwa na kichujio kipya kabisa, gari lilipita ukaguzi. Jioni Nusaiba alimfuata Damien uani kumwomba msamaha. Orpha alikuwapo, bado amenuna.

"Mafuta ulipaka kwa kutojua, na hilo nimelicheka tayari," Damien alimwambia. "Lakini tangu Ijumaa ulishuku, na ulikuwa na neno moja la kunisafisha ukakaa nalo. Kosa la gari ni kazi yangu kulitafuta. Neno lililo moyoni mwako hakuna fundi angeliona, mutoto wangu, isipokuwa wewe ulitoe. Umelitoa kabla ya saa sita, na nakushukuru. Siku nyingine usiache mtu atukanwe kwanza."

Orpha akasogea kidogo kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja.