Walificha Uso, Wakasahau Sauti

Asubuhi hiyo Fundi alikuwa anashona sketi za shule. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa na wazazi, kama kawaida yao, walikumbuka wote siku moja. Binti yake alikaa sakafuni akitia vifungo.

"Mama, mwenye kiuno hiki ni mwanafunzi au pipa?"

"Ni mteja. Tia vifungo, punguza mdomo."

Mtaa mzima ulijua mkono wa Fundi. Wachache walijua alikotoka. Alipokuwa msichana, alisimama nje ya mahoteli ya watalii. Wanaume waliokuja likizo walimnunua. Mmoja alimwita mchumba wiki mbili, kisha akapanda ndege, na simu yake haikupatikana tena. Fundi alitoka huko kwa miguu yake mwenyewe. Alijifunza kushona, akanunua cherehani, akalea mtoto. Binti alijua yote, maana mama yake alimweleza mwenyewe. Wateja hawakujua, wala wenzake binti shuleni.

Mwezi uliopita alikuja kijana mtengenezaji wa filamu. Filamu zake si maigizo. Anarekodi watu halisi wakisimulia maisha yao. Safari hii alitafuta wanawake walionunuliwa na watalii. Fundi alikubali, ili wasichana wasikie.

"Uso wako tutauficha, dada," kijana aliahidi.

Sasa alirudi na kompyuta yake. Binti akaenda jikoni kuchemsha chai. Kijana akafungua kipande kimoja. Kweli, uso wa Fundi ulikuwa kama umefunikwa na ukungu. Fundi akatabasamu.

"Mama!" binti aliita kutoka jikoni. "Mbona unasimulia yale mambo kwa sauti kubwa? Mlango uko wazi, watu wanapita!"

Fundi hakuwa amefungua kinywa.

Kijana akapunguza sauti haraka. Fundi akatazama tena. Nyuma ya ule ukungu lilining'inia pazia lake la maua. Mkono wake wenye kovu ulishika sindano.

"Hapa hata mbuzi wa jirani angenitambua," alisema taratibu.

Mchana alikwenda kwa jirani yake. Watu walimpachika jina Wakili, ingawa kazi yake ni msaidizi wa sheria katika kituo cha wanawake.

"Mdogo wangu, mbona umekunjamana kama shati lisilopigwa pasi?"

Fundi akamweleza. "Watamcheka mwanangu shuleni, dada. Na siwezi kurudi nyuma. Nilishasema ndiyo."

"Nani kakudanganya? Mtu akiomba simulizi yako, ameomba tu. Haijawa mali yake. Unaweza kusema ndiyo leo na hapana kesho. Ila sema mapema, kabla filamu haijatoka. Ikishaingia mtandaoni, hata mwenyewe aliyeitengeneza hawezi kuikusanya yote."

"Nimwambie nini?"

"Mwulize itaonyeshwa wapi, na nani ataiona. Omba uione yote kwanza. Na ujue, uso si kila kitu. Sauti inakutaja. Mkono, pazia, ukuta wako, vyote vinakutaja. Akikutisha, au akikubembeleza kwa zawadi, njoo kituoni twende wote."

"Basi nikatae kabisa?"

"Hilo sikuamulii. Mimi Wakili wa kupachikwa tu."

Wakacheka. Lakini njiani Fundi aliwaza. Kukataa kulikuwa rahisi. Wasichana wanaosimama leo pale aliposimama yeye, nani angewaambia?

Kesho yake alimwita kijana, akataka kuona filamu yote. Ilianza na miguu ya wasichana. Sketi fupi. Midomo yenye rangi. Kisha miguu tena.

"Simamisha hapo," Fundi alisema. "Wanunuzi wako wapi?"

"Wanunuzi?"

"Wanaume, mdogo wangu. Miguu ya wasichana nimeiona mpaka nimejua saizi za viatu vyao. Mwanamume sijaona hata kisigino. Mtu ataondoka hapa akidhani tulikuwa tunajinunua wenyewe."

Kijana akakuna kichwa. "Dada, watu wanapenda filamu iwe hivi."

"Watu gani? Mimi ni mtu, na sipendi."

Akaendelea, bila kupandisha sauti. "Sauti yangu uitoe, mtu mwingine asome maneno yangu. Mkono na pazia vitoke. Miguu hiyo itoke. Ila maneno yangu yabaki, hasa pale ninapoeleza nilivyotoka. Hutaki, basi mimi na simulizi yangu tunatoka, na tutaagana vizuri."

"Itabidi nianze upya!"

"Mteja akisema gauni linambana, mimi nafumua."

Kijana akaivuta kompyuta karibu. Akarudisha picha nyuma, akaitazama ile miguu tena, kama ndiyo anaiona mara ya kwanza. "Kweli," alisema. "Nitafumua."

Alirudi kwenye mahoteli. Safari hii alirekodi upande wa pili: meza zilizojaa vinywaji, na mikono mikubwa yenye saa ikiita wasichana kwa kidole.

Filamu ilionyeshwa Jumamosi mchana katika ukumbi wa kituo cha wanawake. Fundi alikaa nyuma na binti yake. Sauti ngeni ilisema maneno yake: "Sikuokolewa na mtu. Nilichoka kungoja ahadi. Nilikwenda kwa mshonaji nikamwomba anifundishe."

Mbele yao wateja wawili wa Fundi walifuta macho.

"Mwanamke huyu ana moyo!" mmoja alisema. Hakugeuka nyuma.

Pembeni ya Fundi alikaa msichana asiyemfahamu. Alikuwa na kope za bandia, amekumbatia mkoba mdogo. Filamu ilipokwisha, wengine waliinuka. Yeye hakuinuka.

"Ningempata huyo mama," alinong'ona, kama anaongea peke yake, "ningemwuliza aliwezaje. Ile siku ya kwanza ya kutorudi kule mahotelini."

Binti alimtazama mama yake. Hapakuwa na kamera. Hakuna aliyemwomba Fundi chochote.

Fundi akasogeza kiti chake karibu na msichana.

"Niulize," alisema.