Nyundo Chini ya Sakafu

Maji ya mtungi yalianza kunuka dizeli siku ya Jumatatu. Mwanaamina akayamwaga, akateka mengine ziwani, nayo yakanuka vilevile. Nyumba yao ya Kitaji, mjini Musoma, haikuwa na injini yoyote. Mumewe Hamduni, fundi wa vichwa vya treni, alikuwa amepunguzwa kazini mwaka ule wa tisini na sita, akarudi na mgongo mbovu tu.

Alhamisi adhuhuri nyundo iligonga chini ya sakafu. Ngo, ngo. Kimya. Binti yao Shani, mwenye miaka saba, akaanguka, miguu baridi kama chuma.

"Kuna mtu huku chini," mtoto alinong'ona. "Anasema bado hajatoka."

"Unamjua?" Mwanaamina alimuuliza mumewe polepole. Hamduni akatazama pembeni.

Alimjua sana. Mwaka themanini na nne, vipuri hakuna, kichwa cha treni kiliwafia porini, na Wanzagi, kijana wa Butiama, akaingia chini kufunga breki kwa waya. Mafundi walikuwa na desturi: aliye chini akishatoka hugonga reli mara tatu, ndipo breki iachiwe. Hamduni alisikia mbili, lakini abiria walikuwa wakitukana tangu alfajiri, na mkubwa anafoka kwenye redio, na jua linachoma, naye akajiambia ya tatu imemezwa na kelele, akampungia dereva mkono, magurudumu yakasogea hatua moja tu, na hatua hiyo ilitosha. Kisha akaandika kwenye ripoti kwamba marehemu alikuwa amelewa. Wanzagi hakuwahi kuonja pombe maishani mwake.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mganga Pazi alifukiza ubani, akausikiliza udongo, akakunja mkeka wake.

"Huyu hafukuziki," alimwambia Hamduni. "Nenda kwao ukaseme. Usipokwenda, mtoto hatembei tena."

Butiama alimkuta Robi, mama wa Wanzagi, anapepeta ulezi uani. Hamduni alimwamkia, akapiga magoti, akasema yote. Ungo haukusimama.

"Najua. Anakujaga hapa, ananielezaga," Robi alisema. "Msibani watu walinicheka. Mama wa mlevi. Miaka kumi na mbili, baba, naenda kisimani peke yangu."

"Nisamehe, mama. Mtoto wangu hana kosa."

"Hana. Nilishamwambia Wanzagi amwachie. Saa hizi anacheza."

Hamduni akalia kwa shukrani. Alipotaka kuinuka, baridi ikamshika kwenye nyayo, ikapanda magotini, ikapanda mapajani, na chini ya udongo wa ua kitu kikakwaruza taratibu, kama mtu anayejivuta kwa viwiko.

Robi akawaita majirani. Wakambeba hadi chumba cha ndani, chenye kitanda kilichotandikwa shuka safi, ambacho hakuna aliyekilalia miaka yote hiyo.

"Mlazeni hapo," akawaambia. "Alikuwa anafanya kazi na mwanangu. Atakaa naye."